Mechi 11, pointi sita: je, kocha aondoke?

SWALI: "Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki hapa Ujiji, Kigoma. Timu yetu, ambayo sitaitaja jina, ipo kwenye ligi ya timu 16. Tumecheza mechi 11: tumeshinda moja, sare tatu, tumepoteza saba. Tumefunga mabao 7 na kufungwa 16. Katika zile saba tulizopoteza, tano ni kwa tofauti ya bao moja. Mechi saba kati ya hizo 11 tulicheza ugenini. Mabao tisa tuliyofungwa yaliingia baada ya dakika ya 70. Mshambuliaji wetu tegemeo aliumia goti mechi ya tatu, mpaka leo hajarudi. Kocha huyu alikuja Julai. Jumamosi tunakutana na uongozi, na wanachama wengi wanataka aondoke, arudishwe yule aliyetupandisha daraja miaka mitatu iliyopita. Wengine wanasema tatizo ni uongozi, maana kuna wachezaji wanadai mishahara ya miezi miwili. Wapo pia vijana wanaotaka kulizuia basi la timu. Niseme nini kwenye kikao? Na kweli kocha mpya atatuokoa?"

JIBU: Ndugu Katibu, pole kwa msimu huu, na asante kwa kuja na hesabu. Wengi huandika "timu imeoza" halafu wanaishia hapo. Wewe umeleta dakika, viwanja na majeruhi, kwa hiyo tuna pa kuanzia.

Nijibu moja kwa moja kwanza. Kwa namba hizi, mimi nisingepiga kura ya kumwondoa kocha Jumamosi hii. Sisemi kocha ni mzuri. Namba ulizonipa hazitoshi kulisema hilo. Ninachosema ni kwamba zinaonyesha mambo manne ambayo kocha mpya atayakuta palepale yalipo: ratiba, safari, goti la mshambuliaji na mishahara. Ukimbadilisha mtu ukaacha hayo, utarudi na swali hilihili mwezi wa pili.

Tuanze na msimamo, maana ndio unaowachoma watu. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, 15 nyumbani na 15 ugenini. Ninyi mmeshamaliza saba za ugenini na nne tu za nyumbani. Zimebaki mechi 19, na kati ya hizo 11 mtacheza kwenu, nane ugenini. Maana yake sehemu ngumu ya msimu ndiyo imepita, na ile rafiki iko mbele. Timu ya Dar es Salaam au Morogoro inaweza kupuuza tofauti hii, lakini Kigoma haiwezi. Kwa reli, kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa basi, mchezaji anakaa kitini mchana na usiku, na akishuka miguu imevimba.

Kuna hesabu nyingine ndani ya hiyo hiyo ambayo sijasikia ikitajwa kwenye mabishano ya aina hii. Wiki ya kawaida ya timu inayocheza Jumamosi huwa hivi: Jumapili mazoezi mepesi ya kulegeza mwili, Jumatatu mapumziko, Jumanne kuamsha mwili, Jumatano siku nzito kuliko zote, Alhamisi mbinu na mipira ya kona na faulo, Ijumaa mepesi. Timu ya Kigoma inayosafiri inapanda basi Jumatano usiku au Alhamisi. Siku nzito inakufa au inafanywa kwa haraka, siku ya mbinu inaliwa na barabara, na safari ya kurudi inakula Jumapili na Jumatatu. Kwa mechi saba za ugenini, kocha wenu amepata wiki kamili za kufundisha zisizozidi nne tangu ligi ianze. Unamhukumu mwalimu ambaye darasani ameingia mara nne. Huenda bado ni mwalimu mbaya, lakini ushahidi ni mdogo.

Sasa niguse imani kubwa iliyoko kwenye tawi lenu na kwenye kila kijiwe cha mpira: kwamba kocha akiondolewa, timu inaamka. Ni kweli timu nyingi huamka. Lakini angalia lini makocha hufukuzwa. Hakuna anayefukuzwa timu ikiwa inashinda. Anafukuzwa ikiwa imegusa chini kabisa, baada ya majeruhi, mwamuzi, mwamba wa goli na ratiba ngumu kukutana mwezi mmoja. Ukishafika chini kabisa, hatua inayofuata kwa kawaida ni kupanda, hata usipofanya lolote. Ni kama homa inayopanda na kushuka: mgonjwa hunywa dawa homa ikiwa kileleni, kesho ikishuka dawa ndiyo inayosifiwa.

Jambo hili limepimwa. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi ya juu ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004. Alizichukua timu zilizoporomoka zikamfukuza kocha, akazilinganisha na timu zilizoporomoka vilevile zikambakiza kocha wao. Matokeo ya zile zilizofukuza yalipanda. Na ya zile zilizobakiza yalipanda pia, kwa kiasi kilekile. Ukitazama timu iliyofukuza peke yake utaapa kwamba kocha mpya ndiye dawa.

Najua kwenye kikao atasimama mtu ataje Ivory Coast, na ni haki yake, kwa hiyo uwe na jibu. Kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa kwao Januari na Februari 2024, wenyeji walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta tarehe 22 Januari, Jean-Louis Gasset akaondoka, msaidizi wake Emerse Faé akashika timu, na tarehe 11 Februari wakawa mabingwa kwa kuifunga Nigeria 2-1. Ni kweli yote. Lakini kumbuka na mengine: walipenya kama mmoja wa washindi wa tatu bora kwa sababu Morocco iliifunga Zambia, waliitoa Senegal kwa penalti, na Sébastien Haller, aliyekosa mechi za makundi kwa jeraha, alirudi akafunga bao pekee la nusu fainali na bao la ubingwa. Kocha alibadilika, na mshambuliaji akapona. Ninyi mmekosa vyote viwili, na katika viwili hivyo mimi ningeanza na mshambuliaji.

Mfano wa pili ni Leicester ya Uingereza. Februari 2017 walimwondoa Claudio Ranieri, miezi tisa tu baada ya kuwapa ubingwa, timu ikiwa pointi moja juu ya mstari wa kushuka. Craig Shakespeare akashinda mechi tano za ligi mfululizo, wakamaliza nafasi ya 12. Huo ni mshtuko wa kweli wa kocha mpya, na sitaki kuukataa. Ila mwezi Oktoba mwaka huohuo Shakespeare naye alikuwa ameshaondolewa. Mshtuko huwa na muda wake.

Na wa tatu uko jirani yenu kabisa. Novemba 7, 2024 Tabora United waliifunga Yanga 3-1, siku chache tu baada ya Yanga kupoteza kwa Azam. Haikufika wiki mbili, Miguel Gamondi akaondoka. Akaja Sead Ramovic, akaondoka naye Februari, akaja Miloud Hamdi, na Yanga ikamaliza msimu ikiwa bingwa. Wapo wanaosoma hapo kwamba kubadilisha makocha kunalipa. Mimi nasoma kwamba kikosi kipana kinacholipwa kwa wakati kinaweza kuvuka makocha watatu ndani ya msimu mmoja kikabaki salama. Klabu yenye wachezaji wanaodai miezi miwili haiwezi kuiga hilo.

Turudi kwenye mabao tisa ya baada ya dakika ya 70, kwa sababu hapo ndipo penye ukweli wa timu yenu. Mashabiki wengi wataona uzembe, au watasema kocha anarudisha timu nyuma. Inawezekana. Lakini fuatilia mpira wenyewe. Mshambuliaji tegemeo kazi yake si kufunga tu. Beki akibanwa anapiga mpira mrefu, yeye anaupokea kwa kifua, anamweka beki mgongoni, anasubiri sekunde tatu au nne viungo wafike. Katika sekunde hizo mabeki wanavuta pumzi na mstari mzima unapanda mita 20. Akikosekana yeye, ule mpira mrefu unarudi palepale. Beki anaondosha, unarudi. Anaondosha tena, unarudi tena. Kufika dakika ya 65 mabeki wamekimbia mbio fupi nyingi kuliko kawaida yao, viungo wamechoka kurudi, na kati ya viungo na mabeki panafunguka nafasi ya kutosha mpinzani kugeuka na kupiga. Kutoka jukwaani inaonekana kocha amepaki basi, yaani amewarudisha wote nyuma kujilinda, kumbe timu imesukumwa.

Utajuaje ni kipi kati ya hivyo? Chukua mabao yote tisa, uandike kila moja: dakika, nyumbani au ugenini, lilianzia wapi (kona, faulo, krosi, kupokonywa mpira katikati), na nani alikuwa ameshatolewa. Kama saba au nane ni ya ugenini, hiyo ni safari na pumzi. Kama yamegawanyika sawa nyumbani na ugenini, na mengi yanatokana na kona au faulo, hilo ni suala la mazoezi, na kocha awajibike. Kama yanaingia mara tu baada ya mabadiliko, tazama benchi: siku hizi kanuni zinaruhusu wachezaji watano kubadilishwa katika nafasi tatu. Kocha anayeingiza mtu wa kwanza dakika ya 80 wakati kiungo wake anashika magoti tangu ya 60, muulize kwa nini. Lakini sikiliza jibu pia. Pengine kwenye benchi hana kiungo.

Kuhusu pumzi, naomba hili lisisitizwe kikaoni, kwa kuwa ndilo linalovunja wachezaji. Maandalizi ya kabla ya msimu yanahitaji wiki tano hadi sita. Kama kocha alikuja Julai na wachezaji wakaripoti kwa mafungu, hawakupata. Pumzi iliyokosekana wakati ule hairudishwi katikati ya ligi kwa kuwapandisha vilima. Kocha mpya anayetaka kuonyesha ukali hufanya hivyo wiki ya kwanza, kila mtu anafurahi kuona jasho, na wiki ya pili misuli ya nyuma ya paja inakatika kwa wachezaji wawili au watatu. Njia salama ni kuongeza kidogokidogo siku ya Jumatano tu: mbio fupi za kasi, mita 20 hadi 30, sita wiki ya kwanza, nane ya pili, kumi ya tatu, na mapumziko kamili kati ya mbio na mbio.

Safari nayo ina dawa, ila ni ya fedha. Kwa safari inayozidi saa 12, timu ifike angalau siku mbili kabla ya mechi. Basi lisimame kila baada ya saa mbili au tatu, watu washuke watembee dakika kumi. Maji yanywewe njiani, ingawa wachezaji huyakwepa ili wasiombe basi lisimame. Chakula cha mwisho kizito kiwe saa tatu hadi nne kabla ya mchezo, wali au ugali na kitoweo kisicho na mafuta mengi.

Na hapa nikuwekee hesabu ya kusoma mbele ya kikao. Weka namba za kwenu. Hizi zangu ni za mfano. Tuseme kocha analipwa Sh milioni 2 kwa mwezi na mkataba wake umebakiza miezi saba. Kumvunjia mkataba bila makubaliano kunaweza kugharimu hadi Sh milioni 14, na hapo hujamlipa kocha mpya hata senti. Sasa chukua msafara wa watu 25, malazi Sh 20,000 na chakula Sh 15,000 kwa mtu, inakuwa Sh 875,000 kwa usiku mmoja. Milioni 14 ni usiku 16. Mna mechi nane za ugenini zilizobaki. Fedha ya kumfukuza kocha ndiyo fedha ya kuiwahisha timu siku mbili katika kila safari hadi msimu uishe. Waulize wanachama kipi kati ya viwili hivyo kitaokoa pointi nyingi zaidi. Mimi ninalo jibu langu.

Mishahara ya miezi miwili siiweki kama lawama ya pembeni. Mchezaji asiyelipwa hagomi waziwazi, na wala si lazima awe anahujumu. Anaruka mlo. Anaenda kuendesha bodaboda usiku au kushuka ziwani na wavuvi, asubuhi anafika mazoezini akiwa amelala kwa muda wa saa nne tu. Anapunguza kasi kwenye mipira ya kugombea kwa sababu akiumia hana wa kumtibu. Ukiona timu inapoteza mipira ya pili, ile inayodondoka baada ya kugombewa kichwani, uliza habari za mshahara kabla ya kuuliza habari za mbinu. Hakuna kocha aliyewahi kufundisha mtu ashibe.

Sasa upande wa pili, maana nisingependa uondoke ukidhani ninamkingia kifua kocha. Zipo hali ambazo kumwondoa ni sahihi, na kuchelewa ni kosa. Ya kwanza ni mazoezi yasiyo na mpango: kocha anafika kwa kuchelewa, wachezaji wanapiga mechi ya pande mbili kila siku, hakuna siku ya kona wala faulo. Hili mnaweza kulithibitisha kwa kwenda kutazama mazoezi mara tatu katika wiki mbili. Ya pili ni kosa lilelile kurudi bila chochote kubadilishwa, kwa mfano mabao matatu kwa krosi kutoka upande mmoja na beki ni yuleyule, mpangilio ni uleule. Ya tatu ni wachezaji kuacha kumsikiliza: anaita kutoka kwenye mstari na hakuna anayegeuka, nahodha na wakongwe wawili, kila mmoja akiulizwa peke yake, wanasema jambo moja. Ya nne ni kupanga timu kwa undugu au kwa bahasha. Hiyo ikithibitika, haihitaji kusubiri.

Ya tano inahitaji daftari, na tawi lenu linaweza kuifanya kuanzia mechi ijayo. Wekeni watu wawili, mmoja ahesabu yenu, mwingine ya wapinzani, wasiwe wanaokaa pamoja. Ukurasa ugawanywe mafungu sita ya dakika 15. Shuti la ndani ya kumi na nane, yaani boksi la penalti, liandikwe duara, la nje liandikwe msalaba, lililolenga goli lipigiwe mstari chini. Penalti ziandikwe pembeni. Kwenye ligi kubwa zilizohesabiwa kwa miaka, shuti moja kati ya kumi hivi ndilo linalokuwa bao. Ya nje ya boksi huingia matatu au manne tu kwa mia. Kwa mabao yenu 7, timu ya kawaida ingekuwa imepiga mashuti kama 70. Kama daftari litaonyesha mnapiga mashuti kumi kila mechi na wapinzani nao kumi, mnacheza sawa na wenzenu na mmekosa mmaliziaji. Kocha abaki, tafuteni mshambuliaji. Kama mnapiga manne na wapinzani 15, na nyumbani ni hivyohivyo, basi msimamo hausingizii, na nitakuwa wa kwanza kusema abadilishwe. Mechi tano au sita zinatosha kupata picha. Moja haitoshi hata ikiwa ya aibu.

Kuhusu kocha wa zamani. Upendo mlio nao kwake ni halali, aliwapandisha. Ila aliwapandisha na wachezaji gani, na wangapi wako bado? Alikuwa anatawala mchezo katika daraja ambalo timu yenu ilikuwa na nguvu. Sasa atakuwa anajilinda mechi nyingi, na hiyo ni kazi tofauti. Je, leseni yake inatosha kwa kanuni za daraja mlilopo sasa? Kamati iulize hilo kabla hata ya kumpigia simu, kwani klabu imeshawahi kutokea ikatangaza kocha Ijumaa na Jumapili akakaa jukwaani. Na mwulizeni swali moja la kazi: "Bila namba tisa wetu, mpira utaukalisha wapi?" Akijibu kwa majina na nafasi za uwanjani, ni mtu wa kuzungumza naye. Akijibu kwamba ataleta ari, bado hamjapata jibu.

Kuna njia ya katikati ambayo klabu zetu huiruka. Kocha anaweza kubaki akaongezewa kocha wa mazoezi ya viungo, au kocha wa makipa kama hana. Uongozi unaweza kukaa naye kwa faragha ukaweka kipimo cha mechi sita zijazo: pointi kadhaa mlizokubaliana kulingana na ratiba, pamoja na mabao ya baada ya dakika ya 70 kupungua. Faragha, nasisitiza. Ile desturi ya kutangaza redioni kwamba "kocha amepewa mechi mbili" inaharibu. Kocha aliyepewa mechi mbili hapangi kijana, hajaribu mfumo, anajaza mabeki. Mchezaji asiyempenda anajua akilegea kwa dakika 180 mambo yameisha. Tangazo linaua kile kilichotakiwa kupimwa.

Muda nao uangaliwe. Kama mwisho wa mechi hizo sita itaonekana aondoke, aondoke kabla ya dirisha dogo la usajili kufungwa, ili anayekuja apate nafasi ya kusajili hata watu wawili. Kumfukuza kocha wiki moja baada ya dirisha kufungwa ni kumpa mgeni kikosi kilekile kilichomshinda mwenzake.

Yapo mambo mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi, mtafute mtu wa kuwaona ana kwa ana. Moja ni mkataba. Kabla barua ya kumwachisha haijaandikwa, mwanasheria wa masuala ya kazi ausome. Kocha mzawa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kwa aliyefikisha miezi sita kazini, lazima pawe na sababu halali na utaratibu wa haki, naye ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama ni mgeni, anaweza kwenda FIFA, na klabu isiyolipa ndani ya siku 45 baada ya kuamriwa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Na kama hata yeye anadai miezi miwili, mambo yanageuka: chini ya kanuni hizo za FIFA akiwaandikia na kuwapa siku 15 bila kulipwa, ni yeye mwenye haki ya kuvunja mkataba, nanyi ndio mtakaomlipa fidia.

La pili ni goti. Mechi nane zimepita tangu mshambuliaji aumie, na swali lako halisemi anaumwa nini. Kama goti lilivimba ndani ya saa chache, kama alisikia kitu kimekatika, au kama linamtoka akigeuka, ni lazima kushuku kwamba ukano wa ndani ya goti umekatika, na picha ya eksirei haiuonyeshi. Aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, aombe rufaa ya kuonwa na daktari bingwa wa mifupa, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili ikibidi, apigwe picha ya MRI. Asichuliwe, asichomwe sindano ya ganzi ili acheze. Jibu la picha hiyo ndilo litakalowaambia kama mnamsubiri wiki nne au mnatafuta mwingine dirisha dogo, na uamuzi huo una uzito kuliko wa kocha.

Waliobaki ni vijana wa basi. Waambie mapema, tena mmoja mmoja kabla ya Jumamosi, si mbele ya watu watakaowashangilia. Vurugu za mashabiki huishia kwenye faini ya klabu au mechi za nyumbani bila watazamaji, na mechi 11 za nyumbani ndizo rasilimali pekee kubwa mliyobaki nayo. Wape kazi: wawili washike daftari la mashuti, wengine waende mazoezini wiki hii wahesabu wachezaji wangapi wamefika na saa ngapi. Mkishindwa kuwazuia, mjulishe meneja wa timu na kituo cha polisi kabla basi halijatoka kambini.